Bakuli la Matrah

Mama alishuka bandari ya Matrah, nchi ya Waarabu, akitokea Unguja, mimi nikiwa tumboni. Meli ilitia nanga mbali, abiria wakaletwa kwa mashua, na wakati huo bahari ilikuwa inafika milangoni mwa nyumba za mbele. Bibi wa nyumba moja alimwona mama anavyotapika, akampa bakuli la bati lenye bokoboko la ngano na nyama. Baba alikuwa keshapata kazi kwengine, wakaondoka siku ile ile na bakuli la watu.

Kwetu kumrudishia mtu chombo kitupu ni aibu. Mwanzo mama hakuwa na cha kutia. Baadaye, Mungu alipotujaalia tukahamia Al Khoudh, mwendo wa gari tu kutoka Matrah, akaona haya kwa kuchelewa. Bakuli likakaa kabatini, na ole wake aliyeligusa! Mwaka huu miguu ilipoanza kumsumbua, alipika mkate wa kumimina, akautia humo.

"Nipeleke Matrah, mwanangu. Nnaogopa kufa na chombo cha watu."

Nilimpeleka huku nikinung'unikia foleni. Tulipita kando ya bahari, tukageuza, tukapita tena, yeye akitazama majini tu. Bandarini palikuwa na meli kubwa ya watalii. Za mizigo zimeshahamishiwa bandari ya Sohar.

"Nyumba ilikuwa hapa, inapigwa na maji," alisema. "Wameibomoa."

Iliniuma sana. Ndipo nikakumbuka kwamba barabara yenyewe tuliyokuwa tukiipita, zamani ilikuwa bahari. Waliifukia bahari nikiwa mdogo.

"Mama, tazama upande wa milimani."

Akageuka. "Roshani ile! Wallahi nyumba ndiyo ile!"

Alitufungulia mwanamke wa umri wangu. Mama akamweleza yote kwa Kiarabu chake chenye lafudhi ya Unguja. Mwenyeji akasema yule bibi alikuwa mamake, na alifariki zamani. Akalipokea bakuli kwa mikono miwili. Mama alilia, na mimi nikalia.

Tulikaa, tukanywa kahawa. Tulipoaga, mwenyeji akaingia ndani, akarudi na bakuli lile lile limejaa halua.

"Mama yangu asingekubali uondoke mikono mitupu," alisema.

Mama alifungua mdomo akatae, akaufunga. Angekataaje?

Garini alilipakata bakuli njia nzima. Sikumbuki lini nilimwona na furaha ile.

"Wiki ijayo ntapika visheti," akasema. "Na usinambie habari za foleni."