Jina la Eulina Linafutwa Mashuani

Alban alikufa mwezi wa tatu akivuta dema, mtego wa samaki, kwenye mwamba wa nje. Moyo ulisimama tu. Wenzake walimrudisha nyumbani ndani ya mashua yake, iliyopewa jina la mkewe, Eulina. Ikawa basi. Hadi mwezi wa kumi ilikaa juu ya mchanga, maana hakuna baharia wa kisiwa chetu cha Carriacou aliyekubali kuipanda mashua iliyobeba maiti.

Mimi ni jirani yao. Jioni moja Eulina alikuja kwangu akitoka kufua mashuka ya nyumba ya wageni, vidole vimekunjamana kwa maji. Akajitupa kitini.

"Cletus amekubali kuwa nahodha wa mashua," akasema. "Ila anataka jina libadilishwe."

"Na wewe?"

"Mie nimechoka, Philo. Libadilishwe tu. Ninachotaka ni kwenda nao mwambani safari ya kwanza, nikamtupie Alban kofia yake. Basi."

Kwetu jina la zamani halibaki mashuani hata kwenye kata ya kutolea maji. Mchana wa siku tatu Eulina alilikwangua: ubavuni, kwenye makasia, kwenye boya, kwenye sanduku la barafu. Mwisho akalikuta chini ya benchi, Alban alikolichonga kwa kisu wiki waliyooana. Hapo nilimwona akikaa kitako. Kisha akaomba randa.

Shughuli ya kuibatiza upya ilikuwa ya kubanabana. Desturi inataka kondoo. Tulikuwa na jogoo. Ramu nusu chupa, mchele konzi mbili, na rangi iliyobaki koponi ilitosha herufi nne. Cletus akapendekeza Rita, jina la mama yake, yule mwanamke mwenye mdomo kuliko wote kijijini Windward. Eulina hakuwa na nguvu ya kubisha.

"Jogoo mmoja kwa mashua nzima?" mzee Garvin akacheka. "Hiyo damu si itaona haya!"

"Ungeleta kondoo wako tungemchinja," nikamjibu. "Funga mdomo."

Mimi ndiye niliyekuwa mama wa ubatizo. Nikamimina ramu, nikarusha mchele, damu ikapakwa omoni, mbele ya mashua, nikavuta kitambaa kilichofunika jina jipya. Rita. Watu wakapiga makofi, wakaisukuma majini. Eulina akakunja gauni, kofia mkononi, akaingia maji ya magoti.

"Dada Eulina," Cletus akasema, akitazama pembeni. "Samahani. Wewe ubaki."

"Nibaki vipi? Mashua si yangu?"

"Jina la zamani halipandi, dada. Na hilo jina ni wewe."

Nilitaka kumzaba kofi. Lakini mabaharia wawili walikuwa wameshaachia makasia wakisubiri, na sote tulijua Cletus hakuikosea mila. Eulina naye alijua. Ndiye aliyekwangua, tena vizuri, hadi chini ya benchi. Alinipa kofia tu.

"Nenda wewe," akasema. "Itupe pale pale."

Tulipofika mwambani nikaitupa. Niliporudi, Eulina alikuwa bado amesimama mahali tulipomwacha, gauni limelowa hadi kiunoni.

"Imezama?"

"Imezama," nikamwambia, nikamshika mkono haraka nimpeleke nyumbani, kabla maji hayajaileta. Kofia ilikuwa imeelea muda wote, ikitufuata.