Mama mkwe alivyoisugua silver round yangu siku moja kabla ya kubadilishana

Wakuu, salamu kutoka Voi, vumbi na jua vipo kama kawaida. Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi, na bado nina hasira kidogo.

Kwa wageni wa mambo haya, nieleze polepole. Silver round ni kipande cha silver chenye umbo la sarafu. Si pesa, sokoni hupewi hata nyanya moja. Hutengenezwa kuadhimisha jambo fulani. Mimi nakusanya zinazoadhimisha historia ya kwetu: vita vya kwanza vya dunia kule Taveta, kilima cha Salaita, reli.

Nilikosa moja tu, ile ya reli ya Voi kwenda Taveta. Marehemu babu yangu alifanya kazi kwenye laini hiyo, akipiga nyundo mpaka mgongo ukapinda. Mnaelewa kwa nini niliitaka.

Baada ya miaka ya kutafuta nikampata mzee mmoja wa Mombasa anayo. Hauzi. Alitaka tubadilishane: yake ya reli kwa yangu ya Salaita.

Yangu ilikuwa imekaa kwenye bahasha ya karatasi miaka mingi, ikashika rangi ya zambarau ukingoni. Kwetu wakusanyaji, rangi hiyo ndiyo umri wake. Huifuti. Hata kuishika ni kwa pembeni tu.

Nikaiweka juu ya kabati la sebuleni, ingoje Jumamosi, mzee aje tubadilishane.

Ijumaa jioni nikarudi kutoka kazini. Mama mkwe alikuwa kwetu wiki ya pili. Ndovu walimmalizia mahindi kule Kasigau, akaja kupumzika. Lakini akina mama wa kwetu hawajui kupumzika. Sufuria zote zilikuwa nje zimeanikwa, unaweza kuhesabu meno yako ndani yake.

Na katikati ya sufuria, juu ya kifuniko, Salaita yangu. Nyeupe pepepe.

"Baba Mghoi!" akaniita kwa furaha. "Hiki kidude chako kilikuwa kimeharibika. Nimekipiga majivu na steelwool. Ona sasa!"

Wakuu, kwa mila zetu humpandishii mama mkwe sauti. Nikasema, "Asante, mama." Kisha nikaenda nyuma ya choo nikasimama huko.

Wife akanifuata, amejiziba mdomo asicheke.

"Si ungemwambia mapema?"

"Nimwambie nini?"

"Hayo unayowaeleza watu wa group kwenye simu kila siku."

Jumamosi mzee akafika. Akatoa lenzi yake ndogo, akainama. Mistari ya steelwool ilikuwa imejaa kilima kizima kilichochorwa juu yake.

"Bwana mdogo, hii mmeipara?"

"Ni mama mkwe."

"Aa. Huyo hashitakiwi." Akarudisha reli ya babu yangu mfukoni. Kisha akanywa chai ya mama vikombe viwili, akazisifu sufuria!

Alipoondoka ndipo nikaketi na mama, nikamweleza polepole kama nilivyowaeleza ninyi. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ule weusi ndio mlikuwa mnaupenda?"

"Ndio, mama."

"Na hiyo ya reli, uliitakia nini?"

Nikamweleza na ya babu. Alipokuwa akirudi Kasigau nikampa ile Salaita aende nayo, maana kila nikiiona roho iliniuma.

Juzi amepiga simu. "Baba Mghoi, kile kidude kimeanza kuingia rangi ya chai pembeni. Nimekirudisha kwenye karatasi. Na steelwool nimeificha."

Funzo langu: nimefundisha watu wa kaunti tatu jinsi ya kutunza silver, nikamsahau aliyekuwa akilala chumba cha pili. Anzeni na wa nyumbani, wakuu. Andikeni hata karatasi, "Usisugue."

Nanyi wenzangu, nani kashasuguliwa kitu chake? Na mwenye ile ya reli aniambie. Sina tena cha zambarau cha kumpa, lakini nina mtu wa kumng'arishia sufuria.