Bangili ya Bi Atija wa Pundanhar

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa nyundo. Nilifika Mocímboa asubuhi, kanzu imepigwa pasi, nikidhani jioni nitarudi nyumbani sonara kamili. Fundi Mkuu alinitazama juu mpaka chini, akanitia ufagio mkononi. "Fagia," akasema. "Na vumbi usilitupe." Vumbi la karakana ya sonara lina chembe za fedha zilizodondoka kwenye tupa, nalo huwekwa chunguni mpaka lijae, kisha huyeyushwa. Nilifagia miezi mitatu. Nyinyi vijana mnaochora majina kwa mashine mtaona nawatania, lakini ndivyo tulivyofundishwa: kwanza vumbi, kisha mvukuto, kisha moto. Nyundo ilikuja mwisho kabisa.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupima. Wakati ule wanaume wengi walivuka Ruvuma kwenda kwenye mashamba ya mkonge, na mtu akimkumbuka mkewe alimtumia ujumbe Fundi Mkuu: mfulie bangili. Basi sisi tulikwenda nyumbani kwa mwanamke na uzi wa pamba. Unamwambia akusanye vidole kama anayetaka kuchota unga, unazungusha uzi kwenye mafundo ya vidole, maana bangili hupita hapo kabla haijafika mahali pake. Ukipima kifundo cha mkono peke yake, umeharibu kazi. Kabla hujamaliza, majirani wameshapiga vigelegele, nawe hutoki bila kula.

Vita vya ndani ya nchi vilipopamba moto, nikachukuliwa jeshini. Waliposikia kazi yangu wakanipeleka karakana ya kambi kule Pemba, mji wetu wa Msumbiji, si kile kisiwa, chini ya sarjenti tuliyemwita Mkuu wa Karakana. Tulipiga namba kwenye bunduki kwa tindo za herufi, yaani vipande vya chuma vyenye herufi kwenye ncha. Unasimamisha tindo, unagonga mara moja tu. Ukigonga mara mbili herufi inafanya kivuli. Siku moja mkono ukanisaliti, nikaweka ua dogo pembeni mwa namba. "Sonara!" alinguruma Mkuu. "Hiyo bunduki, si bibi harusi!" Tulicheka sana. Lakini bunduki zilikuwa zikirudi bila wenyewe, nasi tulizisafisha na kuwapa wengine. Hilo sikulizoea hata siku moja.

Amani ilipokuja nikafungua duka Palma, nikawa bwana wa nafsi yangu. Miaka ikapita, ikaja habari ya gesi baharini. Mji uliokuwa unalala mchana ukajaa magari, wageni na watu wa Maputo wanaouliza njia. Mgeni mmoja, mlinzi wa kambi ya gesi, aliniletea bangili ya chuma kisichoshika kutu nimnyooshee. Ilikuwa na jina la mwenzake aliyekufa karibu naye vitani. Dukani alikuwepo Mwenyekiti wa wapiganaji wa zamani, mzee mkali anayetembea na mkongojo. Aliishika bangili ile, akapitisha kidole juu ya herufi.

"Wenzetu wanavaa majina ya maiti wao," akasema. "Wa kwetu tumewaacha kwenye lista tu."

Wiki iliyofuata alikuja na hiyo orodha, majina kumi na mawili ya askari wa wilaya yetu waliokufa. Shehe wa msikiti wetu alituambia bangili si pambo la mwanamume, kwa hiyo tukakubaliana zivaliwe na wajane na akina mama, na ziwe za fedha. "Wapime wote, Fundi," akasema Mwenyekiti. "Mwisho wa mwezi tunafanya hafla uwanjani."

Jina la mwisho lilikuwa Amadi, mumewe Bi Atija wa Pundanhar. Nilipanda lori, tukasukumana na ile njia yenye mashimo mpaka mgongo ukaniuma. Nilimkuta Bi Atija uani akipepeta mpunga, mwanamke wa makamo mwenye vipuli masikioni. Nikajitambulisha kuwa ni sonara kutoka Palma, nimekuja kumpima mkono kwa ajili ya Amadi. Ungo ulimtoka mikononi.

"Amadi?" akasema. "Amadi kakutuma?"

 Kabla sijamjibu alikuwa ameshakimbilia mtungini kunawa mkono, akaupaka mafuta, akawa anamwita jirani yake. "Njoo, Mwanaisha! Njoo uone! Mliniambia katoroka jeshini, kaoa Tanganyika, mliniambia kanitupa! Miaka yote hii mnanicheka! Huyu hapa sonara wa mume wangu!"

Jirani akaja, akapiga vigelegele. Bi Atija alikusanya vidole akaninyooshea mkono, anacheka na machozi yanamtoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitoa uzi nikapima. Nilikula wali wake kwa samaki mkavu. Nikaaga, nikapanda lori. Katika miaka yote ya kazi sijawahi kujidharau kama siku ile.

Nilipofika Palma nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti. "Bi Atija hajui kama mumewe amekufa," nikamwambia. "Anangoja arudi."

"Haiwezekani. Wakubwa walipeleka barua."

"Haikufika."

"Basi atajua siku ya hafla. Wewe fua bangili, Fundi. Kazi yako kufua."

"Atajua mbele ya uwanja mzima, ngoma zinapigwa? Sifui." Sikuwahi kumjibu mkubwa hivyo, hata jeshini. "Na akiniuliza nani alimwona Amadi akifa, nimwambie lista?"

Mwenyekiti aliuegemeza mkongojo wake ukutani. Kisha akasema polepole, "Mimi nilimwona. Tulikuwa lori moja, njia ya Diaca. Nilimzika kwa mikono hii."

"Na hukwenda kumwambia mkewe?"

"Ningemwambia nini, mimi niliyerudi?"

Nilimwonea huruma, lakini sikumwacha. Kesho yake tulikwenda Pundanhar watatu, Mwenyekiti, Shehe na mimi. Bi Atija alituona tukishuka, akatazama mikono yangu mitupu, akatazama kofia ya Shehe, akakaa chini kabla hatujasema neno.

Mwenyekiti naye aliketi mchangani, mguu wake mbovu ameunyoosha, akamweleza yote: lori, risasi, kaburi kando ya njia. Bi Atija alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Uliponipima ulijua?"

"Nilijua, dada yangu."

"Na ukala."

"Nikala. Nisamehe. Sikuwa na ujasiri."

 Alimgeukia Mwenyekiti. "Ilikuwa mwaka gani?"

"Mwaka ule ule aliochukuliwa. Hakumaliza miezi mitano."

"Miezi mitano," akasema. Alitazama upande wa nyumba ya Mwanaisha. "Basi hakuniacha."

Hapo ndipo alipolia, na sote tukalia, hata Shehe. Baadaye Shehe alimwambia kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, kwa hiyo yake imeshapita zamani. Bi Atija alivua vipuli. "Imepita kwenu, shehe wangu. Mimi nimefiwa leo." Akaingia ndani kukaa miezi minne na siku kumi bila pambo mwilini.

Hafla ilifanyika bila yeye. Mwenyekiti alipolisoma jina la Amadi, la mwisho, aliikunja orodha akaketi. Bangili kumi na moja zilivaliwa siku ile. Ya kumi na mbili ilikuwa kwenye sanduku langu, laini, haijaguswa na tindo.

Siku kumi na miezi minne zilipotimia nilirudi Pundanhar na nyundo na tindo zangu. Nilimwuliza kama tuandike cheo cha marehemu na namba yake ya jeshi, kama tulivyowafanyia wengine.

"Namba ni yao," akasema. "Andika Amadi. Halafu andika, hakuniacha."

Nilipiga herufi pale pale uani, juu ya gogo, kila moja mara moja tu. Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Macho yameshachoka, na mkono unaotetemeka haufai kushika tindo. Siku hizi nakaa barazani naulizwa na vijana kama ninajuta kutowafulia dhahabu wale wageni wa gesi. Mimi hukumbuka tu kwamba nilimpa mwanamke furaha ya uongo, kisha nikamletea msiba wa kweli, na akaniruhusu nimwandikie.

Bi Atija hajui kusoma. Lakini wanasema sokoni Pundanhar, akisogelewa na mwanamke yeyote, humshika kidole na kukipitisha juu ya bangili, herufi moja moja, na yeye mwenyewe humsomea.