Upande wa Nyuma wa Santuri ya Mjomba

Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani, nakaa nikisubiri muziki. Msinicheke. Kwetu Uyole, miaka ile ya hamsini, cherehani hatukuwa nayo. Mafuta yalikuwa ya gramafoni ya Mjomba Ambakisye.

Mjomba, mdogo wake mama, alirudi kutoka migodi ya shaba ya Rhodesia na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, santuri sita, na suruali pana iliyofagia uwanja. Kila Jumapili baada ya ibada aliitoa gramafoni nje akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, na majirani wakaja na vigoda vyao. Sindano za chuma zilipokwisha tulitumia miiba ya michongoma ya uani. Kuinoa kwenye ubavu wa kibiriti ilikuwa kazi yangu, msichana wa miaka tisa, na jamani, nilivyoringa!

Sheria ilikuwa moja: santuri isigeuzwe.

"Sindano inachimba," Mjomba alituambia, uso mkavu. "Ukichimba huku ukachimba na huku, mashimo yatakutana katikati. Santuri kwisha."

Nani abishe na mtu aliyechimba shaba? Wazee wazima walitikisa vichwa wakakubali, na majirani wote wakawa wanajua nyimbo sita tu.

Mimi nilikuwa mtundu, nakiri. Siku moja wote walipokuwa shambani wakichuma pareto, niliichukua santuri aliyoipenda kuliko zote. Karatasi yake ya katikati, upande wa nyuma, ilikuwa imekwanguliwa kwa kitu kama msumari, hata jina halisomeki, na jambo hilo lilininyima raha siku nyingi. Nikaigeuza.

Bendi gani ile! Gitaa nyuzi zimelegea, mtu anagonga chupa, mwimbaji anasimulia alivyokwenda kuposa na kuku mkononi, kuku akamponyoka njiani, akafika kwa wakwe ameshika manyoya. Waitikiaji wakawa wanalia kama kuku anayefukuzwa. Mwishoni mmoja alishindwa kujizuia, akaangua kicheko chembamba chenye kwikwi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu hofu ikanishika, nikaiinua santuri juani kuona kama imetoboka. Tundu lilikuwa lile lile la katikati, la siku zote. Nikairudisha, nikanyamaza.

Mwaka huo Mjomba alikuwa anaposa binti wa Iringa, na wakwe wakaja kupaona kwetu. Baba wa binti, mzee wa Kihehe mwenye koti zito, alikwisha kusema wazi kwamba hatamwoza mwanawe kwa mhuni wa migodini. Alikula, akanawa, akakaa na fimbo yake katikati ya magoti. Mama alikuwa anakunja na kukunjua khanga. Mjomba, kuchangamsha mambo, akaweka ile santuri aliyoipenda.

Ilikuwa imechakaa, maskini. Mwiba ukanasa, neno moja likajirudia, likajirudia. Jasho likamtoka Mjomba. Mzee akachukua kofia yake.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikapenya, nikaigeuza santuri, nikaweka mwiba mpya.

Kuku alipoponyoka, mabega ya mzee yalitikisika. Waitikiaji walipolia kikuku, akatupa kofia chini, akapiga goti lake. "Mwe! Mwe! Hata mimi yalinikuta!" akasema, machozi yakimtoka kwa kicheko. Uwanja mzima ukacheka. Nikageuka kumtazama Mjomba. Hayupo. Alikuwa anatembea haraka kuelekea kwenye michongoma, kule tulikokatiwa fimbo za kuchapwa. Nikajua leo nimekwisha.

Alirudi macho mekundu, mkononi ana mwiba mmoja. Akaniinamia.

"Huo umekuwa butu," akasema. "Weka huu. Rudia."

Nilirudia mara nne. Binti wa Iringa akaja kuwa mke wa mjomba wangu, na kwa siku tatu niliendelea kusubiri fimbo ambayo haikuja.

Nilipokuwa mtu mzima, nikiwa nimewatembelea yeye na mkewe Iringa walikohamia, Mjomba alicheka jambo la kipuuzi mezani. Kicheko chembamba, chenye kwikwi. Nikaacha kijiko. Kumbe miaka yote nyumbani alikuwa akitabasamu tu, hacheki!

"Mjomba, ni wewe!"

Mkewe akasema, "Mimi nilijua siku ile ile ya harusi, alipocheka tukiwa peke yetu."

Ndipo Mjomba akaeleza. Walikuwa vijana watano wa mgodini. Siku ya kurekodi hakuna aliyecheka ila wao wenyewe. Wimbo ukabandikwa nyuma ya wimbo wa watu mashuhuri, hakuna aliyeuulizia, na wachimbaji wenzao wakawatania mpaka Mjomba akaikwangua ile karatasi.

"Na siku ile kwenye michongoma?" nikamuuliza. "Si ulikwenda kukata fimbo?"

"Fimbo ya nini, mwanangu? Nilikwenda kusikiliza watu wakicheka. Pale uwanjani mngeniona nalia."