Paka Aliyerudi Gakindu

Manyoya ya paka aliyelala karibu na moto wa kuni yana harufu yake. Ni harufu ya moshi wa kuni za mti wa mwati, ya maziwa yaliyofurika yakamwagikia makaa, na ya joto kavu kama la nguo iliyotoka kupigwa pasi. Nimeishi na paka wengi katika miji mingi inayouzunguka Mlima Kenya, lakini wengi wao walinukia vyumba vya kupanga: simiti, sabuni, mafuta ya taa. Harufu ile ya kwanza niliijua katika jiko la nyanya yangu huko Gakindu, na hadi leo nikipita mahali wanapochoma mwati, iwe Embu au nje kidogo ya Nanyuki, shingo yangu hugeuka yenyewe.

Nyanya nilimwita Shosho, kama watoto wote wa kwetu. Yeye aliniita Wajina, kwa kuwa mimi ni binti wa kwanza wa mwanawe, na kwa desturi yetu nilipewa jina lake. Wazazi wangu waliishi Karatina, ambako Baba alifanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, ila kila shule zilipofungwa nilipelekwa kwa Shosho. Likizo ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya mwisho wa mwaka nilipokuwa darasa la nne. Kahawa ilikuwa imeiva mashambani, nyekundu kila upande. Bondeni mashine za kiwanda zilinguruma mchana kutwa, na harufu ya maganda yaliyochacha ilipanda mlima hadi uani kwetu, nzito na tamu kidogo, ikaingia kwenye nguo na hata kwenye uji. Jiko la Shosho lilikuwa la mbao, limejitenga na nyumba ya kulala, nalo lilikuwa jeusi kwa masizi hadi likang'aa. Katikati kulikuwa na mafiga matatu, na juu yake dari la fito la kukaushia kuni na mahindi ya mbegu. Mahindi huleta panya, na panya ndio sababu Shosho hakuwahi kukosa paka.

Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa jike mwenye milia aliyeitwa Mama Watoto, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila mimba au bila watoto wa kunyonyesha. Kisha alikuwepo mweupe mmoja aliyekuwa kiziwi, akilala ndani ya sufuria hadi tukazoea kuchungulia kabla ya kumimina maji. Lakini mfalme wao wote alikuwa dume la kijivu, mwana wa Mama Watoto, lenye kichwa kikubwa na sikio moja lililochanika. Shosho alimwita Chifu. "Angalia anavyotembea," aliniambia. "Anazunguka kila boma, anakula kila boma, na hakuna siku amekuja na kitu mkononi." Asubuhi Chifu aliketi kati ya mafiga na ndoo ya maziwa, akimtazama Shosho akikamua maneno kutoka kwangu kuhusu ndoto zangu na masomo yangu, kama vile yeye ndiye aliyeitisha baraza. Shosho alipewa maziwa yake ya kwanza na ng'ombe, naye akampa Chifu yake kwenye kifuniko cha mkebe, kabla hata mimi sijapata.

Mvua fupi zilipokuwa zinaisha, Shosho aliteleza akipandisha gunia la kahawa, akauvunja mkono. Haukuwa mvunjiko mbaya, lakini Baba aliogopa. Alikuja Jumamosi na kumkuta mama yake akipuliza moto huku mkono umefungwa shingoni, macho yanamtiririka kwa moshi. Alimwita Maitu, kama wanaume wa kwetu wanavyowaita mama zao hata wakiwa na mvi.

"Maitu, njoo ukae na sisi Karatina. Kuna stima, kuna maji ya bomba, hospitali iko karibu."

"Na Chifu nimwachie nani?"

Baba alidhani anatania. Akacheka. Shosho hakucheka. Jumamosi iliyofuata Baba alirudi na hoja mpya: ng'ombe angechukuliwa na ndugu yake Shosho, na kahawa ingechumwa na Mama Njoki, jirani wa boma la chini, kwa makubaliano. Na paka pia Mama Njoki angemlisha.

"Mama Njoki?" Shosho alisema, na kwa kuwa Mama Njoki mwenyewe alikuwa ameketi pale pale akinywa chai, alimgeukia. "Wewe, watoto wako mwenyewe wanakuja kula kwangu. Utamlisha Chifu na nini?"

"Nitamlisha hao watoto," Mama Njoki akajibu, wakacheka hadi chai ikamwagika. Baba alirudi Karatina mikono mitupu.

Sote tuliichukua sababu ile jinsi ilivyosemwa. Mama yangu aliieleza kwa majirani kama kichekesho: mama mkwe wangu amegoma kuhama kwa ajili ya paka. Baba, ambaye kazini alizoea kutafuta msumari unaolingana na shimo, aliwaza hivi: kama kizuizi ni paka, basi paka atangulie. Alikuja mara ya tatu na pikapu ya dukani pamoja na gunia safi la mkonge.

Kwetu paka hahamishwi waziwazi. Hutiwa guniani asione, akapitishwa nyuma ya nyumba badala ya langoni, na anayembeba humzungusha huku na huku, upande huu na upande ule, hadi mnyama apoteze dira. Akifika anakokwenda hufungwa kwa kamba karibu na moto, apewe maziwa pale pale, mpaka ale na alale na kukubali kwamba hapo ndipo kwake. Baba alifanya yote hayo bila kucheka, mtu mzima aliyevaa koti la kazi, akizungukazunguka kati ya migomba na gunia linalofoka. Mimi nilicheka. Kisha nikamtazama Shosho, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alikuwa ameutegemea mwimo kwa bega lake zima, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemsikiliza mgeni akisema lugha asiyoijua. Hakumkataza. Baba alipoliweka gunia nyuma ya pikapu, akasema kwa upole, "Sasa Maitu, Chifu ameshakubali," Shosho aliingia ndani, akakaa kwa muda, kisha akatoka amejitanda leso na kukumbatia kitu kizito kwa mkono mmoja. Lilikuwa figa moja, bado lina majivu.

"Maitu, hata Karatina kuna mawe."

"Yapo. Hayo ni ya watu."

Basi tuliondoka, Shosho mbele na jiwe mapajani, mimi nyuma na gunia. Njia nzima Chifu hakulia hata kidogo, jambo lililonitia hofu zaidi kuliko kama angelia.

Tuliishi katika vyumba viwili nyuma ya soko, kwenye safu ya wapangaji wenye ua mmoja na bomba moja. Tulipikia jiko la makaa. Figa la Shosho liliwekwa kando yake, halikuwa na kazi, na Chifu alifungwa hapo kwa kamba. Alikula. Alilala. Mama akasema, mnaona? Shosho naye alikula, akalala, akawasalimia wapangaji mmoja mmoja, na mkono wake ukaanza kupona. Tulimfungua Chifu siku ya Jumapili tulipotoka kanisani. Alijinyoosha, akanusa bomba, akaruka ukuta, na hatukumwona tena. Jirani yetu, muuza ndizi kutoka upande wa Meru, alishangaa kutuona tukiita ovyo uani. "Ati mmepoteza paka? Si hapa sokoni paka ni mingi, chukueni moja." Shosho alimwitikia kwa adabu kwamba amesikia. Kisha akaketi kwenye kigoda chake, akitazama upande wa barabara ya nyumbani.

Mama Njoki alikuwa akileta viazi vitamu na nduma Karatina siku za soko. Alipopita kutujulia hali, kabla hata hajatua mzigo, alisema, "Mzee wenu wa kijivu yuko nyumbani. Amekonda, mguu una jeraha, lakini amelala jikoni kama mwenye hati ya shamba." Hadi leo sijui alivukaje mito ile na barabara kuu. Nilirukaruka kwa furaha. Baba hakufurahi. Alikwenda akamleta tena, safari hii akalizungusha gunia mpaka yeye mwenyewe akayumba. Chifu alifungwa tena, muda mrefu zaidi, akanona, akajisugua miguuni mwetu. Alipofunguliwa akaenda tena. Mama Njoki akaleta habari zile zile. Baba alipofika nyumbani jioni na kusikia, alikwenda moja kwa moja kuchukua gunia nyuma ya mlango.

"Kariuki," Shosho alisema. Ilikuwa nadra sana kumwita Baba kwa jina mbele yetu. "Mwache. Angalau mmoja wetu amefika."

Nakumbuka Mama aliacha kukoroga mboga. Nakumbuka Baba alisimama na gunia mkononi, akafungua mdomo, kisha akasema kitu kuhusu dawa za presha ambazo Shosho alipaswa kumeza kabla ya kula. Hakuna aliyeligusa tena jambo lile. Nadhani lilikuwa kubwa mno kwa chumba chetu, na kila mtu alijibana pembeni lipite.

Tangu hapo, siku za soko ndizo zilizomhesabia Shosho maisha. Alivaa vizuri, akanitangulia hadi kwenye safu ya wauza nduma, akaketi kando ya Mama Njoki kwenye gunia lililokunjwa. Ungemsikiliza ungedhani anauliza habari za paka tu. Chifu analala wapi siku hizi? Bado kona ya magharibi? Basi hapo hapavuji bado. Anapanda darini? Basi fito hazijaoza. Anatoka na panya? Basi mbegu zingalipo. Mama Njoki, mwanamke wa maneno mengi na mzaha mwingi, alimjibu kila swali kwa utaratibu, bila mzaha, huku akiwapimia wateja. Nilikuwa mtoto na niliona ni mazungumzo ya kuchosha. Baba, akitoka kazini mchana, alipita kumchukua mama yake, akamwuliza njiani, "Chifu hajambo?" Shosho akajibu, "Hajambo." Wakatembea.

Alifariki msimu wa mvua ndefu nilipokuwa nakaribia kumaliza shule ya msingi, akiwa kitandani Karatina, chini ya taa ya umeme, karibu na hospitali, kama Baba alivyomwahidi. Tulimrudisha Gakindu tukamzika kati ya kahawa na migomba. Wanawake waliopika wakati wa matanga walitumia jiko lake, na Chifu, ambaye sasa alikuwa mzee kweli, hakuwapisha. Walimruka wakiwa na sufuria. Baba aliingia humo peke yake watu walipopungua, akakaa sana. Ni miaka michache tu iliyopita, tukiwa tumeketi wawili, yeye akiwa amemzidi umri mama yake wa wakati ule, aliposema bila mimi kumwuliza: "Kila siku ya soko nilimwuliza paka hajambo. Wajina wako hakuwa akiniambia habari za paka, na mimi nilijua."

Nilimaliza kidato cha nne na sijatulia tangu wakati huo. Nimeuza mitumba Nanyuki, nimefuata soko la mbuzi Doldol, nimefungua na kufunga kibanda Chuka. Kila mahali nimekuwa na paka. Doldol niliishi na Askari, mwekundu, aliyewafukuza mbwa wa wachungaji na kuogopa kuku. Nanyuki kulikuwa na Bibi Harusi, mweupe hadi kwenye kope, aliyekataa kunywa maji yasiyotoka mferejini. Nimewapenda wote, na sikumtia hata mmoja guniani. Nikihama, humwachia mpangaji anayeingia mfuko wa dagaa wa omena na kumweleza tabia za mwenye nyumba, yaani paka. Wengine huniambia sina moyo. Wakati ule wa Gakindu, mtu alihama mara moja maishani na ikawa msiba. Sisi wa leo tunahama kwa kupiga simu moja ya lori, mizigo inapakiwa kabla chai haijapoa, na tunajisifu kwamba tumezoea. Hata jiko la Shosho halipo, shamba limegawanywa, na mahali pake binamu yangu amepanda parachichi za kuuza nje.

Nilipoondoka Chuka, Ndizi, paka wangu wa huko, alinisindikiza hadi kizingitini. Nilimtazama nikitumaini angalau angelia. Alinusa hewa, akageuka, akaingia ndani kabla sijafika langoni, akaruka dirishani na kujikunja kwenye jua lake. Pale palikuwa kwake, na hakukuwa na ubishi. Mimi nilisimama barabarani na mabegi yangu, nikazipitia moyoni nyumba zote nilizowahi kuishi, nikitafuta moja ambayo ningeruka ukuta na kuvuka mito ili niirudie. Sikuipata. Shosho alikuwa nayo.