Kadi za Salamu za Baba

Juzi, nikimsaidia Mama kuhama, nilikuta kadi za salamu za marehemu Baba kwenye boksi la viatu. Nikakumbuka Jumamosi moja mchana.

Kule Kenya, katika mji wetu mdogo, Baba alipiga gitaa na kuimba nyimbo za kantri, tena alikuwa mtangazaji. Hapa Birmingham aliogesha wazee katika nyumba ya kuwatunza, na Jumamosi alipewa saa moja kwenye redio ndogo, juu ya duka katika mtaa wa Acocks Green. Siku hiyo nilikuwa naye studioni; alitoka shifti moja kwa moja, mikono ikinuka dawa, akapakata gitaa, akasoma: "Achieng wa Perry Barr anawasalimu wote wa Kingstanding, na ujumbe wake ni: vumilieni." Kadi baada ya kadi. Niliamini nusu ya jiji ni marafiki zetu. Kadi ya mwisho hakuisoma hewani; aliikunja, akaitia mfukoni. Nilidhani amepoteza mstari.

"Dadi, mbona hawatutembelei?" nilimuuliza ndani ya basi, kwa Kiingereza.

"Wako kazini, mami," alijibu, kama alivyozoea kuniita mimi bintiye, akasinzia begani kwangu.

Juzi ndipo nilipozisoma. Zote zilikuwa kwa mwandiko wa Baba mwenyewe, isipokuwa moja iliyochakaa kwa kukunjwa: "Mimi ni msikilizaji wako wa kila wiki. Usiache kupiga gitaa."

Mwandiko huo niliujua. Ndio uliokuwa kwenye orodha ya vitu vya kununua, mlangoni pa friji.

"Mama, ni wewe?"

Hakugeuka. "Kila Ijumaa alikaa hapo mezani akijiandikia," alisema. "Nilichoka kumtazama."