Kidari cha Mjomba

Kuna aibu ambayo ni afadhali uisimulie mwenyewe kabla watu hawajakusimulia, maana wao huongeza chumvi, na hii yangu haihitaji chumvi. Nisikilizeni taratibu, hata kuikumbuka kunanichosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Shamba la kahawa nililokuwa nafanyia kazi lilipata mwenyewe mwingine, meneja wetu Mjerumani akafunga mizigo kurudi kwao, na mimi akaniachia mbwa. Jina lake Bosko, rangi yake kama buni iliyokaangwa, kifua kina madoadoa meupe, masikio yanalala.

Nieleze kidogo (mke wangu anasema kidogo changu ni saa nzima). Wawindaji wa Kijerumani zamani walifuga mbwa wa kunusa ndege, mbwa wa kuokota kilichoanguka, na mbwa wa kufuata damu ya mnyama aliyejeruhiwa, mpaka wakachoka kulisha matumbo matatu, wakachanganya damu kizazi baada ya kizazi hadi wakapata mmoja wa kazi zote. Huyo akinusa kwale husimama kama sanamu, mguu mmoja wa mbele juu, mkia umenyooka. Ndege akianguka, hata majini, atamfuata na kumleta mkononi mwa bwana wake bila alama ya jino. Yai analibeba lisipasuke. Ila akikosa kazi hujitafutia kazi. Hilo nililijua, niliwafundisha na wengine, na ndilo lililoniangusha.

Kila alfajiri nilitoka naye Shirimatunda hadi kwenye majaruba ya mpunga Mabogini, narudi naburuta miguu, yeye ananitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunaanza. Nikilala mchana kidogo, naamka nakuta amenipangia mlangoni ndala za jirani, sufuria la jirani, na siku moja jogoo wa jirani, mzima kabisa, amekasirika tu. Nilizoea kuomba radhi kama wengine wanavyozoea kusema shikamoo.

Wakati huohuo nilikuwa namchumbia Anjela, binti wa Kibosho. Baba yake alikwishafariki, na neno la mwisho lilikuwa la kaka wa mama yake, Mzee Kasiani, ambaye alikwisharudisha wachumba wawili, mmoja kwa kosa la kucheka kabla hajaongeleshwa. Mimi nilikuwa wa tatu, na Anjela alinitumia ujumbe mmoja tu kuhusu siku ya kupeleka mbege, ile pombe yetu ya ndizi ya kuombea mchumba: njoo na watu wako, mbwa mwache.

Nimwache wapi? Mwenye jogoo alikataa katakata, na mara ya mwisho nilipomfungia Bosko ndani alikula nusu ya mlango. Nikasema potelea mbali, nitamfunga kamba, atalala chini ya kiti changu. Kaka yangu Deo, aliyekuwa msemaji wetu, alimtazama Bosko, akanitazama mimi, akasema basi angalau nikae kimya.

Tulipokewa vizuri. Mbuzi alikwishachinjwa, na nyuma ya nyumba vipande vilipangwa juu ya majani ya mgomba, kila kipande na mwenyewe. Kwetu nyama haigawiwi kwa kukisia. Kila mtu ana sehemu yake, na ukiichukua ni sawa na kumwambia hana nafasi katika ukoo. Kidari siku ile kilikuwa cha mjomba.

Mbege ikazunguka, Deo akaongea kwa adabu, wazee wakaanza kulegea. Ndipo Mzee Kasiani akauliza huyo mbwa ni wa aina gani. Deo alinikanyaga mguu. Ningejibu "wa kawaida, baba", leo nisingekuwa na mkasa. Lakini mimi nikiulizwa nafundisha, nikaanza na Wajerumani, nikapita kwenye matumbo matatu, nikafika kwenye yai.

"Maneno tumesikia, kijana," mzee akasema. "Sasa kazi tuione."

Nikamfungua. Nikatupa kofia yangu migombani, nikasema lete, akaleta, wazee wakacheka. Nikarudia, akaleta. Mara ya tatu kofia ikanasa juu kwenye jani la mgomba, Bosko akanusa chini huku na huku, hakuna kofia. Kazi ilikuwa haijaisha, na huyu si mbwa wa kurudi mikono mitupu. Akazunguka nyuma ya nyumba.

Alirudi akitembea polepole, shingo juu, kidari kizima mdomoni. Akawapita wazee wote, akakiweka mapajani pangu, juu ya suruali niliyoazima kwa Deo. Na mimi, kwa mazoea (mbwa wa hivi lazima umsifu papo hapo), nikampapasa kichwa nikasema, "Vizuri sana."

Hakuna aliyecheka.

"Hata hujaoa," Mzee Kasiani akasema, "umeshakula nafasi yangu."

Nikasimama, nikajaribu kueleza. Nikakigeuza kidari upande huu na ule wakione hakina alama ya jino. Deo akaninong'oneza, "Kaa chini, mwalimu wa mbwa." Mzee alikwishachukua fimbo yake, anaondoka. Mlangoni pa jikoni Anjela alinitazama mara moja, akaingia ndani.

Wiki iliyofuata nilipanda tena mlimani Kibosho, na mbuzi mwingine, na Bosko kwenye kamba kwa kuwa bado sikuwa na pa kumwacha, na jani la isale mkononi. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, ndiyo desturi yetu. Mzee alilipokea, akaligeuzageuza mkononi.

"Nimesamehe. Binti utampata," akasema. "Lakini aliyebeba kidari changu si wewe. Huyo abaki hapa aniombe radhi mwenyewe."

Kumbe ujana wake wote aliwinda kwale na kanga huko chini tambarare. Nilifungua mdomo nieleze kwamba mbwa huyu amenizoea mimi. Nikamwona Anjela mlangoni, anatikisa kichwa taratibu. Nikafunga mdomo, nikampa mzee kamba.

Krismasi ya kwanza baada ya harusi tulipanda na mke wangu kula kwa mjomba. Bosko alininusa, akatikisa mkia, akachukua kofia yangu gotini, akaenda kuiweka mkononi mwa mzee.

"Vizuri sana," mzee akasema.

Ningeweza kueleza kwa nini mbwa wa aina ile hufanya hivyo. Niliendelea kutafuna nyama yangu, na tangu siku ile mtu akiniuliza habari za mbwa, namwambia ana miguu minne.